Ushahidi Usio na Karatasi: Kumbukumbu za Uwakili wa Kesi za Madai Lodwar na Kakuma

Kesi ya madai ni shauri ambalo mtu, kampuni au taasisi humshtaki mwingine akitaka alipe, arudishe, aache au atimize jambo fulani, pasipo nia ya kumtia gerezani, na kote nchini Kenya kesi hiyo husimama juu ya kanuni moja iliyowekwa na kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kwamba anayedai ndiye anayethibitisha. Kipimo cha uthibitisho huo ni chepesi kuliko kile cha kesi ya jinai, kwa maana hakimu hatakiwi kuondolewa kila shaka, bali huridhika jambo likionekana kuwa na uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli, na wanasheria hukiita mizania ya uwezekano. Kwa mwajiriwa wa Nairobi mwenye hati ya mshahara, taarifa ya benki na mkataba wa nyumba, kipimo hicho hakitishi. Kwa mfugaji aliyeishi maisha yake yote kati ya kingo za mto Turkwel na malisho ya mpakani mwa Uganda, kipimo hicho hicho huwa mlima, maana yote anayoyajua juu ya mali, umri, ndoa na madeni yake yamo katika mifugo na katika vinywa vya jamaa zake.

Wakili ambaye kumbukumbu zake ndizo zilizozaa makala haya, na ambaye kwa heshima ya wateja wake hatatajwa jina, alifungua ofisi Lodwar katika miaka ya mwanzo ya ugatuzi, wakati mji huo ulipokuwa umeanza kuvaa sura ya makao makuu ya kaunti ya Turkana. Alifika akidhani, kama wadhanivyo wahitimu wengi wa sheria, kwamba uwakili wa kesi za madai ni ufundi wa kunena mbele ya jaji, na akaja kukiri kuwa sehemu ndogo sana ya kazi hiyo hufanyika kwa miguu iliyosimama. Sehemu kubwa hufanyika chini, juu ya mkeka au kigoda, mwanasheria akimsikiliza mtu asiyeandika na kutafuta namna ya kuyafikisha maneno yake mahakamani bila kuyapunguza wala kuyatia chumvi. Kesi za Turkana, kwa hukumu yake, hupatikana au hupotea hapo.

Si ajabu kwamba sheria ilichelewa kuota mizizi mahali hapa. Serikali ya kikoloni iliifanya Turkana wilaya iliyofungwa, ambayo mgeni hakuingia bila kibali, na iliiona kuwa pahali pa kuwatupa watu ambao haikutaka wasikike: Jomo Kenyatta na wenzake, baada ya kuhukumiwa Kapenguria mwaka 1953, walifungwa Lokitaung, na mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar alikozuiliwa hadi 1961. Kwa hiyo wazee wengi waliijua sheria kwanza kwa sura ya askari na mfungwa, na ile sura nyingine, ya mtu wa kawaida kumpeleka tajiri au serikali mbele ya hakimu na kulipwa, ilikuja baadaye sana. Kabla ya Mahakama Kuu kuweka kituo chake Lodwar, rufaa na mashauri makubwa yalisikilizwa Kitale, mwendo wa takriban kilomita 300 kwa barabara ambayo kipande chake cha Kainuk hadi Lokichar kilijulikana kwa majambazi wenye bunduki, na shahidi aliyeitwa huko alihitaji nauli, chakula, malazi na moyo mgumu. Leo Lodwar ina Mahakama Kuu na mahakama ya hakimu, na Kakuma, umbali wa kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi, ina mahakama yake ya hakimu. Chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, hakimu mkuu husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 20, kiwango kinachotosha takriban kila shauri ambalo mwananchi wa kawaida wa kaunti hiyo anaweza kulifungua.

Mashauri yaliyoijaza meza ya wakili huyo tangu mwanzo yalikuwa ya ajali za barabarani. Mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, bonde la Lokichar Kusini, mwezi Machi 2012. Barabara ya kwenda Sudan Kusini ikaanza kutengenezwa. Malori ya vifaa, ya misaada ya chakula na ya ujenzi yakaongezeka, nayo mifugo na wachungaji wake wakaendelea kuvuka mahali walipovuka siku zote. Mchungaji anapogongwa na kufa, sheria mbili hufanya kazi pamoja: Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, inayouruhusu urithi wa marehemu kudai fidia ya maumivu na ya maisha yaliyokatizwa, na Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, inayowapa mke, mume, wazazi na watoto haki ya kudai kile walichokuwa wakikipata kutoka kwake. Kabla ya hatua yoyote, mtu wa familia lazima apate hati ya usimamizi wa mirathi yenye mipaka, yaani kibali cha mahakama cha kufungua kesi kwa niaba ya marehemu, kwa kuwa Mahakama ya Rufaa ilikwishaamua mwaka 1993, katika shauri la Trouistik Union International dhidi ya Jane Mbeyu, kwamba asiye na hati hiyo hana uwezo wa kushtaki kwa ajili ya urithi. Hati hiyo huhitaji cheti cha kifo, cheti cha kifo huhitaji taarifa ya hospitali au ya polisi, na ombi lenyewe la hati huhitaji pia barua ya chifu inayotaja warithi, kwa hiyo siku za mwanzo za kesi huishia kwenye benchi nje ya ofisi ya chifu.

Sheria nayo haingoji. Madai yanayotokana na uzembe, kama ajali, hufa baada ya miaka 3 kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 22, na mdaiwa akiwa serikali, muda huo hushuka hadi miezi 12. Familia iliyohama na ng'ombe wake hadi ng'ambo ya mpaka, ikarudi baada ya misimu miwili ya mvua, yaweza kufika Lodwar na dai la haki kabisa lililokwisha kufa, na mahakama haiongezi muda kwa sababu ya umbali au ufukara, bali kwa sababu chache, hasa pale mdai alipokuwa hajui mambo ya msingi yanayohusu dai lake. Wakili huyo alijifunza kuwapa machifu na wachuuzi wa soko la mifugo ujumbe mmoja mfupi wa kuwafikishia watu: aliyefiwa barabarani asingoje miaka hadi matanga yaishe.

Kanuni za Utaratibu wa Madai za 2010 zinataka hati ya madai, yaani waraka unaofungua kesi, iambatanishwe na maelezo ya maandishi ya mashahidi na nakala za vielelezo vyote, na hapo ndipo tofauti kati ya mawakili huonekana. Wapo waliokuwa na maelezo yaliyochapwa tayari kwenye kompyuta, yasemayo kwamba marehemu alikuwa mfanyabiashara wa mifugo aliyepata shilingi kadhaa kwa mwezi, wakibadilisha jina na tarehe tu. Maelezo ya namna hiyo huporomoka mara shahidi anapohojiwa. Mjane mmoja, ambaye mume wake aligongwa na lori kaskazini mwa Lokichar, aliulizwa na wakili wa upande wa pili, aliyetoka mjini Eldoret kwa niaba ya kampuni ya bima, kama ana risiti ya hata mbuzi mmoja aliyeuzwa. Alijibu kwamba mbuzi hana risiti. Baadhi ya watu waliokuwa ndani wakacheka, lakini jibu hilo lilikuwa sahihi kisheria kuliko lilivyosikika, kwa sababu mwaka 2005, katika rufaa ya Jacob Ayiga Maruja dhidi ya Simeon Obayo, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekataa hoja kwamba kazi na kipato cha mtu huthibitishwa kwa vyeti na nyaraka pekee, ikieleza kuwa kushikilia hivyo kungewadhulumu Wakenya wengi wasiojua kusoma, wasioweka kumbukumbu za maandishi na ambao hata hivyo wanajipatia riziki zao kwa njia halali.

Uamuzi huo ni mlango uliofunguliwa, na kuupita ni kazi nyingine. Kinachotakiwa ni ushahidi wa mdomo wenye mwili na mifupa, nao haupatikani kwa kumuuliza mfugaji anapata kiasi gani kwa mwezi, kwa kuwa hapati kwa mwezi. Huulizwa aliuza wanyama wangapi kati ya mvua zilizopita na kiangazi kilichofuata, katika soko lipi, nani alinunua, fedha zilinunua magunia mangapi ya mahindi, nani alilipiwa karo, maziwa ya ngamia yalienda wapi. Mnunuzi huitwa. Mwalimu aliyepokea karo huitwa, na mara nyingi huyo ndiye pekee mwenye karatasi. Majibu yakijumlishwa, hakimu hupata picha ya uchumi wa boma, na akikosa picha hiyo hukimbilia kiwango cha chini cha mshahara wa kibarua kilichotangazwa na serikali. Hesabu yenyewe huitwa ya kizidisho: kipato cha mwezi huzidishwa kwa 12, kisha kwa idadi ya miaka ambayo mahakama inakadiria marehemu angeendelea kufanya kazi, kisha kwa sehemu aliyokuwa akiitumia kwa familia, ambayo kwa mwenye mke na watoto huwa mara nyingi theluthi mbili. Kwa mfano wa hesabu tu, kipato cha shilingi 10,000 na miaka 20 huzaa shilingi 1,600,000. Kipato kikithibitishwa kuwa 15,000, huzaa 2,400,000, na tofauti hiyo yote hutoka katika maswali ya mkekani.

Umri nao hutafutwa hivyo hivyo. Kitambulisho cha taifa mara nyingi hubeba tarehe 1 Januari ya mwaka uliokisiwa na karani, na wakili wa bima hupenda kusema marehemu alikuwa mzee aliyebakiza miaka michache ya kazi. Lakini Waturkana huhesabu miaka kwa matukio, na ukame wa 1979 hadi 1981, unaoitwa Lopiar, unakumbukwa na kila aliye na umri wa kuukumbuka. Mama anayesema mtoto wake alikuwa ameanza kutembea walipokwenda kupokea chakula cha msaada wakati wa Lopiar ametoa ushahidi wa tarehe ulio bora kuliko ule wa kitambulisho, ilimradi wakili ajue kuuweka mbele ya mahakama pamoja na maelezo ya tukio lenyewe.

Gumu zaidi ni swali la nani mke na nani mtoto. Katika desturi ya Waturkana ndoa hukamilika kwa mahari ya mifugo, ambayo huweza kulipwa kwa miaka mingi, na kabla ya mahari kutimia watoto huhesabiwa kuwa wa nyumba ya baba wa mwanamke. Mwanamke aliyeishi na marehemu miaka kumi na kumzalia watoto huenda akajikuta anapingwa na shemeji zake wanaosema hakuolewa, na shemeji hao huwa wepesi zaidi wa kusema hivyo wanaposikia kuna fedha za bima. Sheria ya Mamlaka ya Mahakama, Sura ya 8, inaelekeza mahakama ziongozwe na desturi za Kiafrika katika kesi za madai za watu wanaozifuata, mradi desturi hizo hazipingani na haki na maadili wala na sheria iliyoandikwa. Desturi yenyewe, kama Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilivyoamua mwaka 1965 katika Kimani dhidi ya Gikanga, lazima ithibitishwe kwa ushahidi na anayeitegemea. Wazee basi huitwa kama wataalamu. Wakili huyo alipata kuona wazee wawili wa sehemu mbili za kaunti wakitofautiana kizimbani kuhusu idadi ya wanyama inayotosha kumfanya mwanamke aitwe mke, na hakimu akalazimika kuchagua. Kwa maoni yake, uamuzi uliowatambua watoto kwa sababu baba yao aliwalisha na kuwasomesha ulikuwa wa haki, ingawa hapakuwa na mzee aliyeridhika nao.

Hapa pana kifungu ambacho mawakili wengi wa miji ya kusini hawajawahi kukigusa. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, katika vifungu vya 32 na 33, inaondoa mifugo, mazao na ardhi ya kilimo katika wilaya kadhaa zilizotangazwa, Turkana ikiwamo, kutoka kwenye kanuni za kawaida za kugawa mali ya aliyekufa bila wosia, na kuviacha vigawanywe kwa sheria au desturi ya jamii ya marehemu. Maana yake ni kwamba fedha zilizo benki na kiwanja cha mjini hufuata sheria moja, na kundi la ngamia lililo malishoni hufuata nyingine, ndani ya familia ile ile na pengine katika faili ile ile. Wakili asiyelijua hilo huweza kuomba mahakama igawe mbuzi sawasawa kwa watoto wote, kisha akashangaa kwa nini ombi lake halisongi.

Yote hayo husemwa kwa Kiturkana, yakatafsiriwa kwa Kiswahili, na hakimu huyaandika kwa Kiingereza. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Utaratibu wa Madai kinakifanya Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu na ya Rufaa, na kuziruhusu mahakama za chini kutumia Kiingereza au Kiswahili. Karani mkalimani mzuri ni hazina, na wakili mwenye busara humheshimu kuliko anavyowaheshimu mawakili wenzake. Hati ya kiapo, yaani maelezo yanayoapiwa kwa maandishi, inapotiwa dole gumba, kamishna wa viapo anapaswa kuthibitisha kwamba ilisomwa na kueleweka. Pale uthibitisho huo ulipokosekana, hati zenye ukweli mtupu ziliwahi kutupwa.

Kakuma ni dunia nyingine. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 vijana wa Sudan walipowasili kwa miguu, makazi ya Kalobeyei yakaongezwa kando yake mwaka 2016, na jumla ya wakazi imepita 200,000, kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko. Utafiti wa IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia, uliotolewa mwaka 2018 ulihesabu zaidi ya maduka 2,000 na kukadiria matumizi ya dola milioni 56 kwa mwaka. Palipo na biashara kiasi hicho pana madeni, na deni ndilo mama wa kesi za madai za Kakuma. Mwaka 2015 ulianza mpango wa Bamba Chakula, uliowatumia wakimbizi thamani ya chakula kwa simu ili wanunue kwa wachuuzi walioandikishwa, na kwa kuwa mgao uliisha kabla ya mwezi, mchuuzi alikopesha kwa kutazamia mgao ujao.

Daftari la mkopo la duka mojawapo, lililowahi kuletwa ofisini kama ushahidi, linafaa kuelezwa. Lilikuwa daftari la shule la kurasa 200, jalada limeloa mafuta ya kupikia, kila mteja akiwa na ukurasa wake. Juu ya ukurasa liliandikwa jina la utani, mtaa wa kambi na tarakimu za mwisho za kadi ya mgao. Chini yake mistari ya unga, sukari, mafuta, maharagwe, bei bila sarafu, na alama ya mkato kila palipolipwa. Mahali pengine mwenye duka alikuwa ameandika kwa Kisomali, pengine kwa Kiswahili, na kwenye ukurasa wa mdaiwa aliyebishaniwa palikuwa na rangi mbili za wino. Sheria ya Ushahidi inayakubali maandishi ya vitabu vya hesabu vilivyowekwa kwa utaratibu wa kawaida wa biashara, ila inasema wazi kwamba peke yake hayatoshi kumbebesha mtu deni. Lazima liwepo la ziada: shahidi aliyeona bidhaa zikitoka, ujumbe wa simu wa kuomba muda, muamala wa M-Pesa wa malipo ya sehemu. Mara nyingi ujumbe wa kuomba radhi na kuahidi kulipa ndio uliomaliza kesi, kwa hiyo wakili alizoea kuomba simu ya mteja kabla ya kulifungua daftari.

Mkimbizi naye ana haki ya kuingia mahakamani kama raia. Kifungu cha 16 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1966, kinampa uhuru wa kufikia mahakama na kumwondolea sharti la kuweka dhamana ya gharama, yaani fedha ambazo mdai mgeni huweza kuamriwa aziweke kortini kabla ya kusikilizwa, ili mdaiwa akishinda asiambulie patupu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 pia inamtaja mkimbizi miongoni mwa wanaostahili msaada huo. Kikwazo huwa barabarani. Mkimbizi anayetaka kutoka kambini huhitaji kibali cha kusafiri, na shahidi aliyepangiwa kusikilizwa Lodwar asubuhi huenda akakosa kesi kwa sababu kibali kilitoka adhuhuri. Mahakama ya Kakuma, na usikilizaji kwa njia ya video ulioenea tangu janga la korona la 2020, vimepunguza adha hiyo. Usajili wa kesi kwa mtandao, uliotandazwa katika vituo vyote nchini mwezi Machi 2024, umemwondolea wakili safari za masjala, na kumletea wasiwasi mpya wa mtandao unaokatika siku ya mwisho ya kuwasilisha utetezi.

Hata hivyo, si kila karatasi ni ushahidi, na Lodwar iliwafundisha wengi hilo kwa uchungu. Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ya jamii na haijasajiliwa, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 serikali ya kaunti huishikilia kwa amana ya wenyeji. Viwanja vya mjini vilitolewa kwa miaka mingi kwa barua za ugawaji, na watu wakajenga juu ya barua hizo maduka, hoteli na makanisa, wengine wakagundua kwamba kiwanja kimoja kina barua mbili. Mahakama ya Juu, katika Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu mwaka 2023, ilisisitiza kwamba barua ya ugawaji si hati ya umiliki, na kwamba ni mwaliko ambao masharti yake lazima yatimizwe kabla ya haki kamili kuzaliwa. Mfugaji asiye na karatasi na mfanyabiashara mwenye barua hujikuta wamekaa benchi moja.

Yapo pia mashauri ambayo karatasi zilikuwapo, ila mikononi mwa mwingine. Shirika la Friends of Lake Turkana, lililoasisiwa na Ikal Angelei, lilikwenda mahakamani Nairobi kupinga ushiriki wa serikali ya Kenya katika kununua umeme wa Ethiopia, wakati bwawa la Gibe III lilipokuwa likijengwa kwenye mto Omo, ambao ndio unaoleta sehemu kubwa mno ya maji ya ziwa. Wavuvi na wafugaji hawakuwa na mkataba hata mmoja wa kuonyesha. Mwaka 2014 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliiamuru serikali itoe taarifa zote zinazohusu ununuzi huo, na ihakikishe kwamba rasilimali za ziwa zinalindwa katika mapatano yake na Ethiopia. Bwawa lilimalizika, na wapo wanaosema kesi ilishindwa. Wakili anayekumbuka miaka mingi ya kudai nyaraka huiona kwa jicho jingine, maana amri ya kufichua ilikuwa silaha ambayo wakazi wa ziwa hawakuwa nayo kabla ya hapo.

Kuhusu ada maneno ni machache. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha makubaliano ya kulipwa iwapo tu kesi itashinda, na katika kaunti ambayo wateja wengi hawana cha kutanguliza, kishawishi cha kukiuka kifungu hicho ni kikubwa. Kikubwa zaidi ni kile kinachokuja hundi ya bima inapoingia katika akaunti ya wateja, ambayo wakili hapaswi kuichanganya na fedha zake. Mjane asiye na akaunti ya benki, aishiye mahali pasipo mtandao, hawezi kujua hundi imefika. Wakili huyu alikuwa akimwita mteja pamoja na ndugu wawili aliowachagua mwenyewe mteja, akisoma hesabu kwa Kiturkana, na kulipa siku hiyo hiyo. Alisema mara nyingi kwamba hakuna hotuba ya mahakamani iliyomletea wateja wengi kama desturi hiyo.

Kushinda na kulipwa ni mambo mawili. Dhidi ya serikali, ya taifa au ya kaunti, Sheria ya Kesi za Serikali, Sura ya 40, hairuhusu mali ikamatwe. Mshindi huchukua cheti cha amri, akikawizwa huomba amri ya kumlazimisha afisa mhasibu alipe, na akizidi kukawizwa huomba afisa huyo aadhibiwe kwa kuidharau mahakama. Dhidi ya mfugaji, dalali wa mahakama anaweza kinadharia kuikamata mifugo, ijapokuwa kifungu cha 44 cha Sheria ya Utaratibu wa Madai kinamwachia mkulima au mfugaji mifugo ya thamani ya shilingi 10,000, kiasi kisichozidi mbuzi wachache kwa bei za leo. Katika boma la Turkana wanyama wengi si wa mwenye boma. Wapo walioachwa na marafiki wa mifugo ili ukame ukipiga upande mmoja kundi lote lisiangamie, wapo wa mahari isiyokamilika, wapo wa mama mkwe. Dalali akiwaswaga wote, wiki hiyo hiyo wenyewe hujitokeza kortini na pingamizi, kila mmoja akiitaja alama ya mnyama wake, na kesi mpya huanza ndani ya ile iliyokwisha.

Kwa sababu hiyo, katika madai ya mtu na jirani yake, wakili huyo alianza kuwapeleka wateja chini ya mti wa wazee kabla ya kuomba utekelezaji wa hukumu, na wakati mwingine kabla hata ya kesi kusikilizwa, akitegemea ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 inayozitaka mahakama zikuze upatanisho na mbinu za jadi, na baadaye sera ya mifumo mbadala ya haki iliyozinduliwa na Idara ya Mahakama mwaka 2020. Ustadi wake ulikuwa katika kuyaandika makubaliano ili hakimu aweze kuyapokea kama amri ya mahakama. Waraka wa namna hiyo hautosheki na idadi. Hutaja mbuzi jike kumi na wawili, waliozaa angalau mara moja, wasio na ugonjwa. Hutaja kwamba sita watakabidhiwa mwezi wa kwanza baada ya mvua na sita msimu unaofuata, mahali gani na mbele ya nani. Hutaja afisa wa mifugo wa wadi atakayewakagua. Na hutaja, kwa kifungu chake chenyewe, kwamba ukame ukitangazwa, siku ya malipo itasogezwa hadi mvua itakayofuata, na idadi itabaki ile ile.